Kutoka Hapa Mpaka Hapa

Haya yalimkuta rafiki yangu mmoja, fundi wa programu za kompyuta, tena mchana kweupe. Kwa miezi minane alikuwa ameunda maktaba, yaani kifurushi cha programu, ya kukokotoa umbali kati ya sehemu mbili za dunia, ili mafundi wenzake waichomeke kwenye programu zao. Siku ya kuikabidhi, bosi akamfuata kwenye chumba cha mitambo, kule chini kusiko na dirisha.

"Dada, kazi yako bure kabisa. Nimepima kutoka hapa mpaka hapa hapa, imenipa mita tisa badala ya sifuri."

"Umeichokonoa wewe!" akafoka. Bosi akacheka, akapanda ngazi.

Damu ikimchemka, rafiki yangu akapima mwenyewe. Mita saba. Akarudia. Mita tano. Mara umeme ukakatika, feni zikanyamaza, ikabaki nuru ya kompyuta yake ya betri tu. Nyuma yake, gizani, akasikia mguu mtupu ukikanyaga sakafu mara moja. Akapima tena. Mita tatu.

Akampigia bosi simu. "Acha utoto wako! Toka humu!"

"Humu wapi? Mimi niko barabarani na wenzako wote."

Mguu ukakanyaga tena. Akapima. Mita moja.

"Mshenzi wee, unadhani nakuogopa?" Akageuka, akanyakua kikombe chake cha udongo, akakivurumisha gizani kwa nguvu zake zote. Ukuta ulikuwa hatua nne tu mbele yake. Akasubiri kivunjike.

Mpaka leo hajakisikia kikianguka.