Bi Mkubwa wa Kwenye Skrini

Jua lilikuwa linazama Dada Rangi aliporudi ofisini kuchukua chaja ya simu. Ngazi mbili, mlango wa kioo, korido inayonuka zulia jipya. Wenzake walishaondoka. Aliipata chaja mezani kwake, akageuka aondoke, akasikia sauti chumba cha mwisho.

Sauti ya mumewe.

"Pole, mama... Pole sana."

Akanyata hadi mlangoni. Mumewe, ambaye ofisi nzima ilimwita Fundi Taa kwa sababu kazi yake ilikuwa kuweka mwanga kwenye picha za kompyuta, alikuwa ameketi gizani. Mbele yake, kwenye skrini, kichwa cha mwanamke kilizunguka taratibu, mwanga laini ukikipitia shavuni.

Bi Mkubwa.

Roho ilimuuma Dada Rangi hadi machozi yakamlengalenga. Aliondoka bila kubisha hodi.

Hapa inabidi nieleze kidogo. Watu wa kazi hii wana vitu vyao vya kujaribia. Kuna birika la chai, kuna sungura, vyote vya kwenye skrini tu. Fundi yeyote anavijua hata akiwa usingizini. Ukitaka kujua kama moto wako wa kompyuta unafanana na moto, unamchoma sungura. Ukitaka kujua kama kitu chako kinavunjika sawasawa, unalivunja birika. Kesho yake vyote viko vizima, vinangoja kipigo kingine. Pale ofisini vilikaa kwenye folda moja waliyoiita kabati la wote.

Bi Mkubwa hakuwemo. Kilikuwa kichwa cha marehemu mke wa kwanza wa Fundi Taa, kilichopigwa picha na kamera themanini kwa mpigo mmoja, miezi michache kabla hajafa. Fundi Taa alikifungia kwa nywila. Alikijaribia mwanga tu, tena mwanga laini, na ole wake ambaye angekigusa. Dada Rangi aliruhusiwa mara moja tu, kukipaka ngozi upya, maana hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kwa hiyo alikijua kila kinyweleo cha mke mwenzake.

"Hata sungura anaungua," alimlalamikia Bwana Moto, mtaalamu wao wa moto na moshi, rafiki wa mumewe wa siku nyingi. "Huyo ndiye asiyeguswa. Mimi mkewe wa ndoa, mwaka wa tatu huu, hajanitazama vile hata dakika moja."

"Shemeji, unalionea wivu faili?"

"Nalionea. Tena wivu wa kukosa usingizi. Nipeleke chumba cha kamera."

Bwana Moto alicheka, lakini akampeleka. Dada Rangi akaketi kwenye stuli katikati ya kamera, akatabasamu. Mwako mmoja wa kamera zote, basi. Siku tatu akaipaka rangi sura yake mwenyewe, akajipunguzia na makovu mawili ya chunusi, nani angemlaumu?

Jioni ya siku ya tatu, ofisi ikiwa tupu, alikiweka kichwa chake kwenye kabati la wote, kando ya birika. Haikumtosha. Akakipandisha kwenye tovuti ambayo mafundi wa nchi zote huchota vitu bure, akaandika: "Chukueni, mtumie mpendavyo." Bi Mkubwa ana mtazamaji mmoja, alijiambia. Mimi nitatazamwa na dunia nzima. Tuone sasa.

Kisha akaenda kwenye kompyuta ya mumewe. Nywila ilikuwa tarehe ya harusi. Si harusi yao.

Alipokifungua kichwa, chumba kikanuka nywele zinazoungua.

Akageuka. Hakuna moto. Hakuna mtu...

Kichwa kikaacha kuzunguka.

Kilisimama kikimkabili. Kikamtazama kama mama aliyesimama foleni kutwa nzima anavyomtazama aliyemwachia kiti. Kisha kikafumba macho.

Kope za kichwa kile hazikutengenezwa ziweze kufumba. Alijua. Alikuwa amezipaka rangi yeye.

Pumzi ndefu ikasikika kutoka kwenye spika. Waya wa spika ulikuwa umelala sakafuni, haujachomekwa popote.

Mwili ukamsisimka. Lakini wivu ni kitu cha ajabu. Kidole kikabonyeza. Akakifuta.

Asubuhi yake kulikuwa na jua kali na vicheko koridoni. Dada Rangi alikuwa jikoni akiosha kikombe, shavu la kushoto likapata joto. Akalishika. Joto likazidi.

Likawa moto.

Kikombe kilimponyoka. Alikimbia huku akijipigapiga usoni, akausukuma mlango wa Bwana Moto. Kwenye skrini kulikuwa na sura yake. Shavu la kushoto lilikuwa linawaka, na sura ilikuwa inatabasamu.

"Zima!"

"Si umekiweka mwenyewe kabatini, shemeji? Nilidhani..."

"Zima!"

Bwana Moto akabonyeza. Maumivu yakakatika papo hapo. Dada Rangi akaushusha mkono kutoka shavuni, na vipande vya ngozi vikaja na vidole.

Fundi Taa alikuja mbio. Hakugomba. Alifunga mlango, akanong'ona.

"Umejiweka kabati la wote?"

"Nilitaka unitazame mimi."

"Na yeye, marehemu, alikaa humo. Wiki moja. Tulimchoma, tukampasua, tukacheka. Muulize huyu." Bwana Moto aliinamisha kichwa. "Wiki hiyohiyo akaanza kuchubuka ngozi. Daktari haoni kitu. Nilipomtoa nilishachelewa."

"Kwa hiyo ulijua?"

"Sijui chochote mpaka leo. Niliona tu mwanga laini haumuumizi, na nikaogopa kumfuta. Kila jioni nilikuwa namwomba radhi: pole, mama. Wewe ulidhani nini?"

Dada Rangi aliwaambia kwamba jana jioni alimfuta, na kwamba alifumba macho kama aliyepumzika. Miaka mitatu amekula sumu ya wivu kwa ajili ya mwanamke ambaye pendeleo lake pekee lilikuwa kutochomwa. Aliona aibu, na chini ya aibu, hofu. Bwana Moto alikifuta kichwa kabatini, akafuta hata kilichobaki kwenye pipa la taka la kompyuta. Wote watatu wakashusha pumzi.

"Yamekwisha," alisema Bwana Moto.

Dada Rangi alitoa simu, akawaonyesha ukurasa wa tovuti. Kichwa chake kilikuwa kimepakuliwa mara mia nne na kumi na mbili. Wakiwa bado wanasoma, kumi na mbili ikageuka kumi na tatu. Chini yake mtu wasiyemjua, wa nchi wasiyoijua, alikuwa ameandika: "Ahsante, kizuri sana. Sisi tunaanza na maji."

"Kifute na huko," Fundi Taa alisema.

"Nikikifuta huko, walichokwisha kuchukua kitarudi?"

Fundi Taa alimshika uso kwa mikono miwili, akamtazama yeye peke yake, bila kupepesa, kama vile hajapata kumwona. Ndicho Dada Rangi alichokitaka miaka yote mitatu. Akafungua mdomo amwambie hivyo.

Yakatoka maji.