Nilikwenda Urusi Kuwaambia Kwamba Mume Wangu Hajafa

Nna miaka arobaini na nne, nnakaa Azaiba, hapa Maskati, na ni mwalimu wa skuli ya wasichana. Wazee wangu walitoka Unguja. Wasomaji wenzangu, haya nnayaandika kwa mkono wangu. Atakayeona haya na aone yeye... mimi sioni.

Mume wangu, nimwite Seif, alisomea uhandisi Urusi ujanani, kabla hajahamia Oman. Mwaka wetu wa kwanza wa ndoa nilisikia fununu kwamba huko aliacha mke. Sikumuuliza. Nilikuwa mjinga au mwoga? Vyote viwili.

Mwaka juzi, 2003, ikaja barua kwenye sanduku letu la posta. Msichana wa miaka kumi na minane, jina lake Vera, ameandika kwa Kiingereza cha adabu: baba yake Seif amezikwa wapi? Mama yake angependa kupata picha ya kaburi. Ndani mlikuwa na picha ya Vera. Uso wa binti yangu mtupu, ila nywele tu.

Na huyo marehemu alikuwa sebuleni, anakunywa kahawa.

Niliiweka barua mbele yake. Hakukana. Zamani alijiandikia mwenyewe barua ya kifo, akatia saini kwa jina la kaka asiyekuwepo, akaipeleka Urusi na anwani ya sanduku letu.

"Mama yake asingeacha kuniandikia," alisema. "Na wewe ungejua."

"Kwa hiyo ukajizika?"

"Yameshapita hayo, Salma. Mji wenyewe uko mwisho wa dunia. Baridi, ulevi, watu wana roho za mawe. Utakwenda kufanya nini?"

Nilikwenda. Nilimwandikia Vera kwamba nnakuja, mimi ni jamaa wa Seif. Ndugu wa mume wangu walisema nimerogwa.

Kutoka Moscow nilipanda treni siku moja na nusu. Sijapata kuona miti mingi vile na watu wachache vile. Mji ulikuwa wa viwanda na majumba ya ghorofa tano, yote sawasawa. Theluji kando ya barabara ilikuwa nyeusi kwa masizi. Watu wakanikodolea macho, mimi na abaya yangu chini ya koti la kuazima, na hakuna aliyetabasamu... Nikasema, hapa Seif hakudanganya.

Mara nikateleza pale pale kituoni. Bibi wawili waliokuwa wakiuza mbegu za alizeti wakaacha biashara yao, wakaninyanyua, wakanifunga shali la sufu juu ya mtandio, huku wakinigombeza kwa lugha yao kama mama zangu. Nilipotaka kulirudisha shali, walikataa. Roho za mawe ziko wapi?

Vera akanikuta hapo, akanipeleka kwao. Mama yake, Lyuba, alikuwa amenipikia supu. Ukutani palikuwa na picha ya Seif, kijana, imefungwa utepe mweusi. Nikaweka kijiko chini.

"Mwambie mama," nilimwambia Vera, "baba yako hajafa. Mimi ni mkewe."

Vera alitafsiri neno kwa neno. Lyuba hakulia. Aliinuka, akazima jiko, akaitoa ile picha ukutani, akanipa mimi.

"Anasema mchukue," Vera alisema, sauti inamtetemeka. "Ameshamlilia miaka kumi na miwili, inatosha."

"Mwambie na mimi simtaki."

Lyuba akacheka kwanza. Nikafuata mimi. Kisha ndipo tulipolia.

Kwa simu yao nilimpigia Seif. "Hujambo, marehemu," nilimwambia. "Mwanao yuko hapa." Akakata.

Niliporudi nilidai talaka yangu, nikaipata. Wifi zangu wakasema nimewavunjia heshima. Heshima ipi? Vera alipokuja Maskati kututembelea, nilimchukua kwenye harusi ya ukoo wa kina Seif, nikamkalisha mstari wa mbele.

"Nani huyu?" mama mkwe aliuliza.

"Mjukuu wako, mama. Wa Seif."

Alimwinua Vera kidevu, akamtazama uso. Kisha akamshika mkono, hakumwachia mpaka bibi harusi alipoingia.

Dada zangu, msinyamaze kama nilivyonyamaza. Ulizeni mapema, hata sauti ikitetemeka. Miaka kumi na tano nililinda raha ya nyumba yangu, na huku mtoto wa watu anatafuta kaburi lisilokuwepo... Seif nimemsamehe. Kurudiana, hapana.