Misalaba Miwili Juu ya Matete

Pawatila ilipinduka taratibu, kama ng'ombe anayeamua kulala. Gurudumu la kushoto, lile la chuma la kutembelea matopeni, lilikosa ardhi. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na tela likaenda upande pamoja na kila kilichokuwamo. Tusekile na wifi yake Anna waliangukia majini. Zabroni, mdogo wa Tusekile na mume wa Anna, aliyekuwa ameshika mikono ya trekta hilo dogo, aliangukia kwenye gurudumu, na jino moja la chuma likampasua mguu kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo.

Walikuwa wakitoka palizi ya mpunga huko bondeni, ng'ambo ya Kamsamba, ambako mto Momba unakaribia Ziwa Rukwa. Bonde lenyewe halikuwa limepata hata tone. Mvua ilikuwa imenyesha juu, Mbozi, kwao wenyewe, mto ukavimba usiku, na asubuhi njia waliyoijia ilikuwa maji matupu. Zabroni alisema watapita. Zabroni siku zote husema watapita.

Wanawake walimburuta hadi kwenye kichuguu kilichokuwa karibu, mahali pekee palipobaki pakavu. Juu yake palitosha watu watatu kukaa na mmoja wao kunyoosha mguu. Tusekile alichana kitenge chake, akafunga jeraha la mdogo wake kwa nguvu hadi Zabroni akamtukana, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia dada yake maishani.

"Tukana tu," alisema Tusekile. "Anayetukana hajafa. Anna, maji ya kunywa yamebaki kiasi gani?"

"Dumu dogo. Nusu yake."

"Anakunywa yeye kwanza."

Simu ya Anna haikuwa na mtandao. Watu wa mashamba ya jirani walikuwa wameondoka siku iliyotangulia kwenda msibani, na nyumbani Mbozi hakuna aliyewatarajia kabla ya Jumapili. Basi wakakaa. Maji yalipanda kimyakimya, yakala ukingo wa kichuguu kidogo kidogo, na kila kilichokuwa na pumzi kikapanda nayo: siafu, panya, nyoka mdogo wa kijani ambaye Anna alimsukuma kwa jembe, naye akarudi upande wa pili. Pande zote palikuwa na matete marefu kupita kichwa cha mtu. Ukisimama unaona matete. Ukikaa unaona matete na mbu.

Siku ya pili Zabroni alianza kutetemeka. Tusekile alipofungua kitambaa, harufu ilimgonga usoni akakifunga tena haraka. Nyama ilikuwa imevimba na kung'aa. Anna alikuwa ameona.

"Wifi, huu mguu haungoji Jumapili."

"Najua."

"Mguu ni kitu gani! Yeye mwenyewe hangoji."

Wakajaribu kutoka mchana huo. Kusini ndiko kulikokuwa na barabara na ardhi ya juu. Kaskazini ni ziwa, magharibi ni mto wenyewe. Hilo wote walilijua. Lakini anga lilikuwa limefunikwa na mawingu mazito, jua halikuonekana hata doa, na ndani ya matete kila upande unafanana na mwingine. Tusekile alitangulia peke yake kutafuta njia, maji yakimfika kiunoni, akipasua majani yaliyomkata mikono. Alitembea hadi mapaja yakamwaka moto. Hatimaye akaona mbele yake kitu cheusi kimechomoza majini, akafurahi, akaongeza mwendo. Kilikuwa gurudumu la pawatila. Alikaa kando ya kichuguu akalia kwa hasira, na Anna akamwacha alie.

Jioni ile ndipo alipowaza juu ya nyota.

Tusekile huuza chai na chapati karibu na kile kimondo cha Mbozi ambacho watu huja kupigia picha. Mwaka uliopita, wakati wa kiangazi, mwalimu mmoja kijana aitwaye Brenda alileta wanafunzi kulala pale, wajifunze kutafuta nyota kwa macho matupu. Tusekile alibaki kusikiliza kwa sababu chapati nazo zilikuwa zimebaki. Alijifunza kukaa gizani mpaka macho yazoee, kuanza na nyota kubwa kabla ya ndogo, na kuunganisha moja na nyingine kwa kidole kama anayechora. Alionyeshwa mkanda wa mwindaji, nyota tatu za mstari mmoja, kwenye picha, na msalaba wa nyota nne kule juu. Ufuate mti wake mrefu ukishuka, alisema Brenda, kisha teremka moja kwa moja hadi ardhini, hapo ndipo kusini. "Lakini angalieni," mwalimu akaendelea, na wakati huohuo harufu ya maharage yanayoungua ikamfikia Tusekile, akakimbilia jikoni. Hakurudi. Tangu hapo alijifunza mwenyewe uani kwake, majirani wakimcheka kwamba anatafuta kimondo cha pili.

Usiku mawingu yalianza kupasuka.

"Zima hiyo tochi," alimwambia Anna.

"Na nyoka?"

"Nyoka ameshatuzoea. Zima, macho yapate giza."

Wakakaa. Mwanzoni hakukuwa na kitu, kisha zikatoka chache, kisha zikawa nyingi kupita kiasi, na Tusekile akapotea kati yake. Uani kwake nyota zilikuwa mahali pake. Hili lilikuwa anga la Machi, na yeye alijifunza msalaba mwezi wa saba. Upande wa kusini na mashariki wingu lilikuwa bado limekaa chini. Alitafuta nyota kubwa kwanza, akachora kwa kidole, akafuta, akachora tena.

"Ule pale!" alisema Anna. "Wifi, si ule? Nyota nne. Mkubwa, mzuri."

Ulikuwa msalaba kweli, umeinama kidogo upande mmoja.

"Mbona umelala?" aliuliza Tusekile.

"Haujalala, unabebwa begani. Si Kwaresima hii?"

Anna huimba sauti ya pili katika kwaya ya Moravian, na kwa wiki nzima kabla ya safari walikuwa wakifanya mazoezi ya nyimbo za mateso. Kwake jambo lilikuwa limekwisha. Na Tusekile, aliyelelewa katika kanisa hilohilo, alitaka sana kuamini, kwa hiyo akaamini.

Wakang'oa ubao wa nyuma wa tela, wakafunga madumu matupu chini yake kwa kamba ya magunia, wakamlaza Zabroni juu, chali. Ukaelea.

"Wewe ndiye macho yetu," Tusekile alimwambia. "Sema unachokiona. Ukinyamaza tutajua umelala, na hatutaki ulale."

"Naona nyota," alisema Zabroni kwa sauti ya homa. "Niseme zote?"

Wakaingia majini. Tusekile alivuta, Anna alisukuma. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, chini tope likinyonya miguu, na matete yakawafunga mbele na nyuma papo hapo. Kichuguu walichokuwa wamekichukia sasa walikitamani. Walikuwa wametoka kwenye chumba kidogo wakaingia kwenye chumba kisicho na mlango, na juu tu ndiko palikuwa wazi. Tusekile aliinua uso, akautafuta msalaba, akaufuata. Mara moja kitu kizito kilipumua karibu, kwa kishindo, na wote watatu wakaganda. Kiboko. Alipumua tena. Anna alisali bila sauti, midomo ikimcheza, mpaka maji yalipotulia na pumzi ile ikasikika mbali.

"Uko hai?" alinong'ona.

"Niko hai," alisema Zabroni. "Lakini nimejikojolea."

"Sote, baba Ruti," alisema Anna, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Wifi, songa."

Walisonga. Maji yaliyokuwa kiunoni yakafika kifuani. Tusekile alijiambia ni bonde dogo, litapita. Matete yakapungua, akafurahi. Kisha akahisi miguu ikivutwa kando, polepole kwanza, halafu kwa nguvu, na ubao ukaanza kugeuka wenyewe.

"Rudi!" alipiga kelele. "Anna, rudi! Huu ni mto!"

Kamba ilimkata kiganja. Anna alishika matete kwa mkono mmoja na ubao kwa mwingine, akameza maji, akatapika, hakuachia. Kwa mbinde wakaurudisha ubao kwenye majani, wakasimama wakihema, maji shingoni.

"Tulikuwa tunakwenda kusini," alisema Anna. "Mto umetokea wapi?"

Tusekile aliikaza kamba kiganjani. Hofu ilimshika kuliko ya kiboko, kwa sababu kiboko angewaua mwenyewe, lakini hapa aliyekuwa akiwaua watu wake ni Tusekile. Alitazama juu. Wingu la upande ule lilikuwa limeondoka, na pale lilipokuwa kulikuwa na msalaba mwingine. Mdogo. Mkali zaidi. Umekaribia kusimama wima, na chini yake upande wa kushoto nyota mbili kubwa zikiufuata.

"Misalaba miwili," alisema.

"Haiwezekani," alisema Anna.

"Iko miwili, angalia mwenyewe. Brenda alikuwa anataka kutuambia, mimi nikakimbilia maharage."

"Sasa upi?"

"Sijui, Anna. Sijui!"

Wakashikilia matete. Ukichagua vibaya mara moja unarudi nyuma. Mara ya pili hakuna nguvu za kurudi. Anna alitaka ule mkubwa bado. Tusekile alitaka ule mdogo, lakini kutaka kulikuwa kumewafikisha hapo.

"Dada," alisema Zabroni kutoka kwenye ubao. "Wale watatu wanazama."

"Watatu gani?"

"Wale wa mstari. Mama alikuwa akisema huzama jua linakozama. Hawapindi kushoto wala kulia, alisema."

Tusekile aligeuka. Juu kidogo ya matete, nyota tatu za mkanda zilikuwa zikishuka pamoja. Alikuwa amezichora uani kwake mara nyingi, na hakuwahi kuziuliza kitu. Akaelekeza uso wake kwazo, akanyoosha mkono wa kushoto pembeni kama askari wa barabarani, akaufuata mkono kwa macho. Kidole kilielekea kwenye msalaba mdogo. Ule mkubwa ulikuwa umebaki katikati, kati ya mkono na nyota tatu, ukiteleza kuelekea mtoni. Ndio maana. Kadiri walivyoufuata, ndivyo ulivyokuwa ukiwavuta.

"Ni ule mdogo," alisema. "Anna, niamini."

Anna alifuta uso. "Vuta."

Hawakuona tofauti kwa muda mrefu, na huo ndio uliokuwa mwendo mbaya kuliko yote, kutembea bila kujua kama unatoka au unaingia. Mkanda ulizama. Msalaba ulisimama wima kabisa, kisha ukaanza kuinama upande wa pili, na Tusekile akaendelea kuufuata mti wake mrefu ukishuka, kisha moja kwa moja ardhini, kama alivyoambiwa. Kila baada ya muda Anna aliuliza kama nyota zipo, na Zabroni akajibu. Majibu yakawa mafupi. Maji yakarudi kiunoni. Yakafika mapajani.

"Zipo?" aliuliza Anna.

"Zipo."

"Zipo?"

"Chache."

Anga likaanza kuwa jeupe.

"Zipo, baba Ruti?"

"Zimeisha," alisema Zabroni, na baada ya hapo hakujibu tena.

Anna aliita, akampiga kofi, akaita tena. Tusekile hakugeuka. Alivuta tu, kwa sababu akigeuka angeona, na akiona angesimama. Tope likawa mchanga. Ubao ukakwama, wakauburuta, magoti yao yakagonga nyasi fupi, na mbele yao ukapanda ukingo wa barabara, na juu ya ukingo alisimama mwanamume na mkokoteni wake wa ng'ombe, amefungua mdomo.

"Mmetokea wapi?" aliuliza.

"Zahanati," alisema Tusekile. "Kwanza zahanati, mengine baadaye."

Tabibu wa zahanati alisafisha mguu, akachoma sindano, akatundika dripu, akawaambia ukweli: hakujua. Wasubiri hadi usiku, homa ikishuka ataishi. Wakasubiri siku nzima kwenye benchi. Giza lilipoingia waliombwa waingie kulala wodini, wakakataa wote wawili bila kushauriana, ukuta hawakuutaka. Wakatandika mkeka uani, chini ya dirisha. Wakalala chali, wakitazama juu.

"Wifi," Anna alisema mwishowe. "Ule mkubwa upo tena."

"Nauona."

"Mimi ndiye niliyeuchagua."

"Na mimi ndiye niliyeufuata. Nyamaza, utaniliza."

"Akifa, nitamwambia nini Ruti?"

Tusekile alisogea karibu yake. Alimshika mkono, ule wenye mikato ya matete.

Kisha dirishani juu yao ikasikika sauti, kavu, ya mtu aliyekasirishwa usingizini.

"Nyie wanawake," ilisema. "Hamlali? Na hayo maji ya kunywa mmeyaficha wapi?"

Anna akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu pawatila ipinduke, na hakuweza kuacha hata alipokuwa anakimbia ndani na kikombe.