Kipimo cha Wito si Mtihani

Zrrr! Zipu ya begi ilisikika kutoka chumbani. Mama aliacha pasi, akaenda kuchungulia. Binti yake, mwanafunzi wa uuguzi chuo kikuu, alikuwa amelikandamiza begi kwa goti.

"Safari ya wapi, mwanangu?"

"Naacha chuo, mama. Wametupima wito, nimefeli."

"Wito nao una mtihani siku hizi?"

"Wametuuliza kama tunahisi tunaishi wito wetu. Alama zangu ziko chini kabisa. Mimi si muuguzi."

Mama hakubishana. Alimwita jirani, mshauri wa wanafunzi pale chuoni. Jirani aliingia, akaliona begi, akalikalia.

"Haya, tuone kama litaondoka," alisema. "Mdogo wangu, maswali yalikuwa ya aina mbili. Kwanza, je, unaijua kazi inayokuita? Ulijibuje?"

"Ndiyo. Sikusita hata kidogo."

"Pili, je, unaiishi kazi hiyo sasa?"

"Hapana. Tangu nianze chuo sijamgusa mgonjwa. Ni kukariri tu."

"Basi wito unao, ila umefungiwa darasani. Kile ni kipimo, si mtihani. Kipimajoto hakimfukuzi mgonjwa hospitalini. Kinatuonyesha kuna joto, tutafute dawa."

"Je, kama ningejipa alama za juu?"

"Ungetudanganya, nasi tusingejua pa kukusaidia. Umefanya vyema kusema kweli."

"Sasa dawa yangu ni ipi?"

"Omba kujitolea wodini kila Jumamosi, chini ya muuguzi mkuu. Kisha tutakupima tena."

"Umesikia?" Mama alisema. "Toa nguo begini, nizipige pasi."

Binti aliomba, akakubaliwa. Alitandika vitanda, akaosha vidonda, akajifunza kumgeuza mgonjwa bila kumuumiza. Muhula ulipoisha, alijibu maswali yale yale, tena kwa ukweli. Alama za kuishi wito zilikuwa zimepanda juu. Wenzake walipoona, nao wakaomba. Chuo kikakubali: kuanzia mwaka wa kwanza, kila mwanafunzi wa uuguzi aende wodini.

Jumamosi moja, bibi aliyevunjika nyonga alikuwa anaogopa kusimama. Binti alimshika kiunoni, wakahesabu pamoja. Bibi akasimama! Wodi nzima ikapiga makofi.

"Mjukuu wangu," bibi alisema huku akihema, "usije ukanikimbia."

"Sikukimbii, bibi. Jumamosi ijayo nitakuja, na tutatembea pamoja mpaka mlangoni."