Kitoroli cha Bingwa

Maiti ililala chali chini ya gema, nusu ndani ya tope jeusi, macho wazi. Juu, kwenye ukingo wa majani, kitoroli kipya cha magurudumu matatu kilikuwa kimesimama wima, begi la visahani vya kurusha limefungwa juu yake vizuri kabisa.

Inspekta alianza na kitoroli. Alichuchumaa mbele yake kwa muda mrefu hata Sajini akaanza kukohoa.

"Ndicho kilichomuua, afande," Sajini alisema. "Ndugu yake anasema kilimvuta kwenye mteremko, wakaporomoka pamoja."

"Kisha kikapanda chenyewe?"

"Anasema alikipandisha yeye, wakati anatafuta msaada."

Marehemu aliitwa Bingwa na kila mtu. Katika gofu ya visahani, mchezo wa kurusha visahani vya plastiki mpaka vitue kwenye vikapu vya minyororo, hakuwa na mpinzani mjini pale. Mdogo wake wa tumbo moja walimwita Mkia, kwa sababu alipokwenda Bingwa naye alikuwa nyuma, begi limemkunja mgongo. Mkia hakucheza. Mkia alibeba.

Inspekta alipitisha kidole kwenye tairi moja, kisha ya pili, kisha ya tatu. Vumbi na majani mabichi. Tope jeusi halikuwepo, hata chembe. Akaijaribu breki kwa ncha ya kiatu. Ilikuwa imefungwa.

"Piga picha hizi tairi," alisema. "Zote. Na mtu asikiguse."

Mchana, daktari wa uchunguzi wa maiti alimwonyesha ufa kwenye kisogo.

"Mtu akivutwa na mzigo unaoteremka huanguka kifudifudi," daktari alisema. "Huyu alikwenda kinyumenyume. Kifuani ana alama mbili za viganja. Alisukumwa na mtu aliyekuwa anatazamana naye."

Mjane alimpokea Inspekta sebuleni, kanga imefungwa kichwani, sauti imekauka.

"Pole sana, dada. Walikuwa na ugomvi, hawa ndugu?"

"Ugomvi? Shemeji yangu akiitwa na kaka yake huitika kabla jina halijaisha. Anakula hapa kila siku." Alikaza fundo la kanga. "Ila tangu kile kitoroli kinunuliwe, hajaja kula."

"Alisema kwa nini?"

"Alisema hana njaa."

Inspekta alitoka pale moyo mzito. Alikuwa amezoea wezi na walevi. Watu waliopendana walimnyima usingizi.

Kesho yake Mkia aliletwa kituoni. Alikuwa mwanaume mwenye mabega mapana, na hata alipokaa aliinama mbele kidogo, kana kwamba begi lingali mgongoni. Inspekta alimpa onyo la kisheria, akavuta kiti.

"Kitoroli kilianguka mpaka chini?"

"Ndiyo, afande."

"Kwenye tope?"

"Ndiyo."

"Ukakipandisha?"

"Ndiyo."

"Ukakiosha saa ngapi?"

Mkia alinyanyua macho. "Sikukiosha."

"Basi mbona tairi ni safi?"

Mkia alianza kuparua ukingo wa meza kwa ukucha.

"Breki uliifunga wewe?"

"Alifunga kaka. Yeye akisimama kurusha, lazima..." Akajishika mdomo.

"Alifunga breki kabla ya kurusha," Inspekta alisema taratibu. "Kwa hiyo hakikumvuta. Kwa nini ulikisingizia kitoroli?"

Mkia alicheka, kicheko kikavu kilichomfanya Sajini aache kuandika.

"Nilitaka kibebe lawama. Si kinabeba kila kitu?"

Akaanza kusema, na alipoanza hakushikika.

"Alinipeleka dukani. Nikadhani tunakwenda kununua visahani. Kumbe vitoroli! Akaniambia, 'Sukuma hiki.' Nikasukuma. Cha magurudumu mawili, akasema kitamchosha mkono. 'Sasa hiki.' Chepesi, cha kukunja, nikakizungusha duka zima, watu wananitazama. Akakikataa. Akachukua kikubwa, kizito, chenye breki. 'Unakionaje?' Nikasema kizuri. Afande, mimi ndiye niliyemchagulia wa kukaa mahali pangu."

"Na uwanjani?"

"Tulipofika tu wachezaji wenzake wakaanza kunitania. 'Jamani, leo Mkia umekatwa!' Wakacheka mpaka wakashikana. Kaka naye alicheka." Alipangusa uso kwa kiganja. "Pale kwenye gema tulibaki wawili. Nikamuuliza, 'Na mimi sasa nifanye nini?' Akanigeukia, anatabasamu. 'Wewe tembea tu, nyoosha mikono. Halafu, mdogo wangu...' Sikumngoja amalize. Nilimsukuma. Nilikuwa nimechoka kusikia halafu zake. Halafu niletee, halafu nibebee. Nilijua tu inayofuata ni 'halafu uende nyumbani.'"

"Ulitaka afe?"

"Nilitaka anyamaze."

Alitia sahihi maelezo yake bila kuyasoma. Sajini alimfunga pingu, akampeleka mahabusu.

Mwendesha mashtaka alihitaji kauli ya muuzaji, kwa hiyo Inspekta alikwenda dukani. Muuzaji, mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia shingoni, aliwakumbuka vizuri.

"Mkubwa alikuwa amekwishachagua kile chepesi," alisema. "Pesa keshatoa mfukoni. Kisha akamtazama mwenzake anavyosukuma, amejishika kiuno, akanivuta pembeni. 'Nipe kinachobeba mabegi mawili,' akaninong'oneza. Nikamuuliza, la pili la nani? 'La yule. Mgongo wake nimeumaliza mimi. Hajawahi kurusha hata kisahani kimoja, na mkono wake ni mzuri kuliko wangu. Nataka tucheze wote. Usimwambie, atakataa. Nitamwambia mwenyewe, uwanjani.'"

Muuzaji aliinama chini ya meza, akaweka begi jipya mbele ya Inspekta, lebo ingali inaning'inia.

"Aliagiza hili, akalilipia kabisa. Limefika leo. Sasa nimpe nani?"

Inspekta aliandika kauli yake, akafunga daftari. Alirudi kituoni, na mlangoni mwa mahabusu alisimama akijiuliza kama ana haki ya kumwambia, au kama ana haki ya kumficha. Mahakamani angesikia tu, mbele ya watu. Akafungua. Akamweleza yote, bila kupamba.

Mkia alimsikiliza akitazama ukuta.

"Muongo huyo mama," alisema mwishowe. "Anataka kuuza."

"Begi limelipiwa. Nimeliona."

"Kaka angeniambia."

"Alikuwa anaanza kukuambia," Inspekta alisema.

"Mimi simjui kaka yangu? Angeniambia," Mkia alirudia, safari hii kwa sauti ndogo. Akakaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akaanza kuhesabu vidole vya mkono wake wa kulia kama mtu anayeuona kwa mara ya kwanza.