Makumbi ya Kipange

Mkono wa Mlezi ulishuka kutoka darini bila sauti, ukasimama sentimita mbili juu ya mgongo wa mjusi mkubwa, guruguru jike. Taa yake ya samawati ilipenya ngozi, na kwenye skrini ya ukutani yakaonekana mayai tisa yamebanana tumboni. Mlezi alikuwa mashine ya akili unde iliyoendesha banda zima la watambaazi katika bustani ya wanyama ya Tanga. Alipima joto, alichuja hewa, alimchagulia kila jike dume lake. Alijua kila kitu isipokuwa kwa nini jike huyu hataki kutaga.

"Siku ya kumi na mbili," alitangaza. "Mchanga ni bora kwa asilimia tisini na tisa."

"Mwambie yeye, usiniambie mimi," alijibu Dakta Salha Kihiyo, na angekuwa peke yake angeipiga teke mashine hiyo.

Hasira zilikuwa na sababu. Guruguru wa kisiwa cha Kipange walibaki kumi na mmoja tu duniani, wote humu bandani, na mwenye mimba ni huyu mmoja. Majike wawili kabla yake walizuia mayai hivyo hivyo mpaka yakawaozea tumboni, wakafa. Kumpasua kungemmaliza. Salha alishabadilisha mchanga mara sita, akapandisha joto, akalishusha, akamwagia maji ya bahari. Wapi! Jike alichimba kidogo, akaacha, akaenda kuchimba pembeni.

Nje ya kioo alisimama Bi Mize Faki. Watu wa Kipange walipohamishwa ili kumpisha guruguru, walipewa nyumba kwenye maghorofa ya mjini, na kadi ya kuingia bustanini bure maisha yao yote, waje wamwone mnyama wao. Wengi walizitupa kadi hizo kwa uchungu. Bi Mize aliitumia yake, na kila akija hakukosa la kulalamikia. Salha alitoka, akamwamkia.

"Marahaba," alisema Bi Mize. "Mbona hamjamwekea makumbi?"

Salha akauliza makumbi ya nini. Bi Mize akamweleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga viatu. Kisiwani wanawake walifukia makumbi ya nazi ufukweni, wakayafukua miezi kadhaa baadaye, wakayaponda kupata nyuzi za kusokota kamba. Takataka zake walizirundika nyuma ya nyumba, zikaoza, zikafuka joto. Guruguru hakutaga kwingine. Kila mwanamke alimjua wa kwenye lundo lake, na lundo lenye mayai halikuguswa.

Salha alihisi uso unamwaka, lakini alimwomba tu amsaidie. Bi Mize alikuwa na pipa la makumbi kwenye roshani yake, ghorofa ya tisa, ambalo majirani walishalishitakia harufu. Adhuhuri alirudi na gunia, wakalimwaga bandani. Mlezi akatangaza kwamba kuna uchafu, akanyoosha mkono auzoe, na Salha akachomoa waya wake ukutani. Jike alitoa ulimi, akaonja hewa, akachimba mpaka akazama mkia. Alasiri mayai yote tisa yalikuwa ndani ya lundo.

"Walituambia makumbi yetu ndiyo yanayomuua," alisema Bi Mize, macho yakiwa bado kwenye kioo. "Nani alikuwa na uhakika hivyo?"

Salha angeweza kusema ni serikali. Miaka kumi na miwili nyuma alikaa Kipange siku nne, akapima udongo, asizungumze na mwanamke hata mmoja, kisha akaandika kwamba malundo yale yanaharibu makazi ya mnyama. Watu wakaondolewa, malundo yakakauka, guruguru wakapukutika. Naye akawasingizia panya.

"Ni mimi, mama," alisema. "Niliandika mimi. Nitaandika upya leo hii, mrudishwe kwenu."

Bi Mize alilikunja gunia lake mara mbili, akalibana kwapani.

"Andika," alisema. "Mama yangu alifia kule ghorofani, kila siku akiuliza tunarudi lini. Na yeye utamwandika wapi?"

Salha aliurudisha waya wa Mlezi, akafungua fomu ya ripoti. Ilikuwa na nafasi ya joto, ya unyevu, ya idadi ya mayai. Aliisoma yote mpaka chini, akarudi juu, akaanza kuisoma tena.