Sifuri kwenye Kiti cha Wesonga

Saa ya kwenye ukurasa wa tovuti aliokuwa akiutengeneza ilisoma 9:5. Nasimiyu alikunja uso. Tarakimu ikiwa moja hutanguliwa na sifuri, isomeke 09:05, na alipofika asubuhi aliandika mstari wa msimbo wa kuziongeza, akaona 08:40 kwa macho yake. Sasa mstari ule haukuwepo.

Akauandika upya. 09:06, safi. Kisha sifuri zote mbili zikafutika akitazama, na uvundo wa nywele zilizooza ukapanda kutoka kwenye kibodi. Kitufe cha sifuri kiliteleza. Alikibandua kwa kucha, akavuta unywele uliokuwa chini yake, nao ukaja, ukaja, mweupe, umelowa, hadi mwisho wake ukatoka na kipande cha ngozi. Aliutupa sakafuni, akafuta vidole kwenye sketi.

Sifuna wa meza ya pili akamsogelea. "Nani alikuambia ukae hapo?" alinong'ona.

"Kihara. Mashine yangu imekufa."

"Hiyo ni kiti ya Wesonga. Tumemzika Jumamosi, kunyoa nywele za msiba ni kesho. Kwetu haikaliwi kabla watu wanyolewe, na unajua."

Alijua, kwao pia ni hivyo. Lakini alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi, na kliniki moja ya mtaa wa Karen ilitaka ukurasa wake wa miadi saa nne kamili. Akichelewa, bosi wao Kihara alimwambia, kesho asirudi.

"Wesonga," alisema chini kwa chini, "nivumilie tu mpaka saa nne. Saa nne natoka."

Sifuri zikarudi. Alifanya kazi akipumulia mdomo, kiti kikilowa polepole chini ya mapaja yake, na kila alipofuta viganja kwenye sketi vilibaki na utelezi uleule, wa joto, wenye harufu ya kichwa kisichooshwa, hadi akautuma ukurasa na saa ikasoma 10:00. Akainuka.

Mkono ukamkandamiza bega. Alikuwa Kihara, akicheka. "Kaa, kaa. Watu wa kliniki wamependa. Kazi umepata, na hiyo kiti ni yako sasa."

Miezi mitatu alikuwa akilisubiri neno hilo. Akakaa.

10:01. Alifungua mdomo ashukuru, akahisi kitu laini kimelala juu ya ulimi. Akakishika kwa vidole viwili, akavuta. Unywele ukaja, ukaja, mweupe, umelowa, na palipouma ni ndani kabisa, chini ya kitovu.